Mwendesha Baiskeli Aliye Salama Kuliko Wote

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Habari njema! Kuna cheo.

Bi Mkubwa, mwenye duka la dobi ninapofanya kazi, ametukusanya wote mbele ya kaunta asubuhi kabla ya kufungua mlango. Ilionekana hakulala vizuri. Amesema yaliyotokea wiki iliyopita hataki kuyaona tena. Yaliyotokea ni haya: mmoja wa wapeleka nguo wetu, tunayemwita Mrefu, alikuwa anapeleka mashuka kwa baiskeli. Shuka moja likachomoka, likaingia kwenye cheni. Baiskeli ikasimama. Mrefu hakusimama. Gari lililokuwa nyuma lilifunga breki karibu na sikio lake. Alitoka na goti lililochubuka tu, na shuka lenye grisi ambayo mpaka leo haijatoka.

Bi Mkubwa amesema nguo ikichafuka tutaifua tena, lakini mtoto wa watu hafuliwi. Kwa hiyo anataka msimamizi mpya wa wapeleka nguo, maana yule mzee aliyekuwepo amehamia kwa binti yake. Jumamosi kutakuwa na mtihani. Kila anayetaka kazi ataongoza msafara wa baiskeli kutoka dukani hadi ule mzunguko mkubwa wa barabara karibu na posta, na kurudi. Nyuma ya siti, kwenye fremu yetu ya chuma, atatundika shati jeupe lililopigwa pasi. Wenzake watamfuata na kufanya kila anachofanya yeye. Atakayeendesha kwa usalama kuliko wote, na shati likarudi bila doa wala kunjo, ndiye.

Shemeji yangu, naye mpeleka nguo, akanyoosha mkono. Soksi, mpeleka nguo wetu wa tatu, na Mrefu wakasema wao hawataki ukubwa. Nami nikanyoosha.

Kicheko! Mpiga pasi alilazimika kuiweka pasi chini ili asiunguze suruali ya mtu.

Acha wacheke. Ni kweli mimi ni mpokeaji nguo, nasimama kaunta na kubana namba kwenye kola. Ni kweli pia kwamba sijapanda baiskeli tangu nilipomaliza kidato cha nne. Lakini wale vijana wana miguu tu. Mimi nina kijitabu cha sheria za barabarani. Nimekisoma chote na sehemu muhimu nimezipigia mstari. Nimezipigia mstari zote.

Sababu zangu za kukitaka cheo hiki, kwa utaratibu. Msimamizi ana chumba chake chenye dirisha, na mimi kaunta yangu iko jirani na mashine ya mvuke. Ikifika saa sita nanyooka kama suruali. Halafu kuna shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu. Alikuja kulala kwenye kochi letu kwa siku chache, mwaka juzi. Anatumia kitana changu. Nyumbani namvumilia. Lakini kazini aje aniambie fanya hivi, fanya vile? Haiwezekani.

Jioni mama mkwe amepiga simu. Nimemwambia cheo nimekipata. Niliona hakuna haja ya kumsumbua mama wa watu kwa habari za mitihani. Amefurahi sana. Amesema Jumapili anakuja kunipongeza uso kwa uso.

Sasa lazima nishinde.


Jumanne, tarehe 5 Agosti

Bi Mkubwa amenikopesha baiskeli ya akiba. Nyeusi, nzito, yenye tabia ya kwenda kushoto.

Kijitabu kinasema mwendesha baiskeli anatakiwa aone na aonekane. Nimeanza na kuona. Nimefunga vioo viwili kwenye usukani: kulia kioo changu cha kunyolea ndevu, kushoto kioo cha mke wangu cha mezani, chenye maua pembeni. Upande wa kuonekana nimeweka kengele mbili, tochi, na bendera nyekundu juu ya ufito mrefu. Bendera hiyo ni kipande cha pazia la bafuni. Halitaonekana kupungua.

Nimefanya mazoezi mtaani kwetu kabla ya kwenda kazini. Mafanikio makubwa! Nilikuwa naona kila kitu kilichokuwa nyuma yangu: mwanamke na ndoo yake, mbwa wawili, mwenye nyumba wetu akifungua dirisha na kulifunga tena aliponiona. Katika maisha yangu yote sijawahi kuiona nyuma vizuri kiasi hicho. Nilikuwa bado naitazama nilipougonga ubao wa kinyozi.

Kinyozi ametoka na mashine mkononi. Nyuma yake ametoka mteja aliyenyolewa upande mmoja. Kinyozi ameuliza kama sikuuona ubao. Nimemweleza kwamba nisingeweza kuuona kwa kuwa ulikuwa mbele. Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Sasa kaka, wewe ulikuwa unaenda wapi? Si huko huko mbele?" Nimegundua ni mtu asiyejua mambo ya usalama. Nikamwacha.

Kioo cha mke wangu kimepasuka katikati. Nimekirudisha mezani kikiwa kimeelekea ukutani.

Jioni amekigeuza. Ameuliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Baba watoto, kioo changu kimepatwa na nini?" Nimesema kimeanguka. Hakuuliza kilianguka kikiwa wapi, nami sikuona sababu ya kumchosha kwa maelezo marefu.


Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimebadili mbinu. Haitoshi mimi niwe salama. Ni lazima shemeji awe hatari. Tatizo ni kwamba Bi Mkubwa hajawahi kumwona akiwa hatari. Nimeamua kumsaidia aone.

Shemeji huendesha huku anaimba. Mtu anayeimba hawezi kusimama kwenye makutano, hiyo ni akili ya kawaida. Nikaomba ruhusa ya kwenda kununua pini, nikajibanza nyuma ya kibanda cha magazeti kwenye makutano anayopitia, filimbi mdomoni. Mpango wangu ulikuwa rahisi: akipita bila kusimama, napuliza, watu wanageuka, nakusanya mashahidi.

Akaja. Anaimba kweli. Nguo zake zimefungwa vizuri kwa mpira, hakuna kinachoning'inia karibu na gurudumu. Akapunguza mwendo. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Inaudhi mno kumwangalia mtu akifanya hivyo. Nikapuliza kwa hasira tu.

Kila kitu kikasimama. Gari dogo, basi, mkokoteni wa magodoro. Mama aliyekuwa katikati ya barabara akarudi alikotoka mbio. Shemeji akaangaza huku na huku mpaka akaniona, uso ukamng'aa, akapaza sauti, "Shem! Umehamia polisi lini? Hongera!"

Trafiki halisi akatoka kivulini. Ameniuliza ni nani aliyenigawia kazi yake. Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa usalama. Amesema usalama wangu umeziba barabara mpaka darajani. Amechukua filimbi. Nimemwomba aniandikie hati ya kuipokea. Amenitazama vile vile kama kinyozi.

Nimerudi dukani bila pini. Bi Mkubwa amesema amesikia kelele za magari na akauliza kama kuna aliyeumia. Nimesema hakuna, shukrani kwa waliokuwa macho.


Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Leo sijui niandike nini.

Asubuhi mapema, shemeji akiwa anaoga, nilitoka uani na spana. Nia yangu haikuwa mbaya. Sikulegeza kitu chochote. Kulegeza breki za mtu ni unyama, na mimi si mnyama. Nilikaza. Nilizikaza zote mbili mpaka mipira yake ikakaribia kubusu rimu, ili baiskeli iwe nzito, ajikokote siku nzima, atoke jasho mbele ya Bi Mkubwa, na Jumamosi imkute miguu imekwisha.

Saa nne alikuwa anatoka dukani na suti tatu. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mimi kaunta. Kando ya barabara palikuwa na gari limeegeshwa. Dereva wake, bila kutazama nyuma, akausukuma mlango ukafunguka wote, mbele ya shemeji kabisa. Shemeji akabana breki. Baiskeli ikasimama pale pale kama imepigiwa msumari. Zile suti zikayumba, zikatulia. Kati ya gurudumu na mlango pasingepita kitambaa cha leso.

Dereva akaomba msamaha mpaka sauti ikamkauka. Bi Mkubwa alikuwa ameshika kifua. Kisha akaanza kupiga makofi. Amewaambia Soksi na Mrefu kwamba breki ndivyo zinavyotakiwa kuwa, na kwamba leo ameona kwa macho yake.

Wakati wa chakula shemeji amenifuata stoo. Amesema breki zake zilikuwa zimelegea siku nyingi, kila siku akisema nitazikaza kesho. Leo amezikuta zimekazwa. Amejua ni mimi kwa sababu spana yangu niliisahau kwenye keria. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bila wewe, shem, saa hizi nimeuvaa ule mlango." Macho yake yalikuwa na maji.

Nimemwambia asijali. Chakula kilinishinda.

Amemsimulia dada yake pia. Jioni mke wangu amenipakulia kisha akaniongeza bila kuombwa. Hajanifanyia hivyo tangu Jumanne.


Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimefikiri kwa utulivu na nimepata jibu. Udhaifu wa vijana hawa ni ishara za mkono. Wakitaka kukata kona wanatoa mkono umelegea, dereva wa nyuma hajui kama mtu anageuka au anafukuza nzi. Kijitabu, ukurasa wa tisa, kinasema wazi: mkono unyooshwe kikamilifu na uonekane kwa mbali.

Mkono wangu, lazima niseme ukweli, huchoka. Nikiunyoosha kwa muda unaanza kuinama wenyewe. Lakini mimi ni mtu wa dobi! Kola ya shati inakaaje wima kutwa nzima shingoni mwa mtu? Wanga! Na kama wanga unasimamisha kola, utashindwa na mkono?

Kuna koti refu jeupe, la kitambaa kizito cha drili, aliloliacha msimamizi wa zamani. Nimekoroga wanga mzito mara mbili ya ule wa makola. Nikautazama, nikaona bado, nikaongeza. Nimelichovya koti, nimelianika, nimelichovya tena. Mpiga pasi amekataa kuligusa. Amelibishia hodi kwa vidole, akauliza, "Kaka, hili unalivaa au unalitia bawaba?" Wenzake wakavunjika mbavu. Nimelipiga pasi mwenyewe. Mikono yake nimeilaza ikanyooka kama rula.

Limesimama peke yake pembeni ya kaunta. Mteja mmoja amelisalimia.

Sikulijaribu mwilini. Lingepata makunjo.

Mama mkwe amepiga tena. Amesema amewaambia majirani zake wote. Nimemwambia amefanya vizuri.


Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unapumzika.

Shemeji ameongoza kwanza. Amekwenda, amerudi. Hakuna la kuandika.

Kisha zamu yangu. Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kujiweka pembeni ya mzunguko, chini ya mwavuli, ili aone vizuri. Kulivaa koti kulihitaji watu wawili: Soksi alilishikilia, Mrefu akanisukuma ndani. Mikono yangu ilitokea mbele yangu imenyooka kama ya mtu anayetembea usingizini. Mrefu akanikunja viwiko kwa goti, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikafika kwenye usukani. Kila kiwiko kililia kama mlango mkavu. Nikajikaza kisabuni. Tukaondoka: mimi mbele na shati langu jeupe, nyuma yangu Soksi, halafu Mrefu, halafu shemeji. Agizo lao lilikuwa moja tu: fanyeni anachofanya kiongozi.

Barabara ya kwanza tumeipita vizuri. Watu walitupisha. Wengine walitupisha mapema mno.

Kwenye mzunguko kijitabu hakina utata. Anayetaka kuuzunguka aonyeshe kulia, na akikaribia njia yake ya kutokea aonyeshe kushoto. Nikautoa mkono wa kulia. Ukalia krak! Ukanyooka. Sijawahi kuona ishara nzuri kama ile. Hata dereva wa teksi alipunguza mwendo kuitazama.

Tukaingia. Tukaipita posta. Njia yetu ikafika. Nikauamuru mkono urudi.

Haukurudi.

Hapo wengi wangebabaika. Mimi nilitulia nikafikiri. Mkono wangu unaonyesha kulia. Kutoka kwenda kushoto huku mkono unaonyesha kulia ni kosa, ukurasa wa tisa. Nikitumia mkono wa kushoto kuonyesha kushoto, usukani unabaki bila mtu, na hilo ni kosa, ukurasa wa saba. Kusimama bila kutoa ishara ya kusimama nako ni kosa, na mkono wa kutolea ishara ulikuwa na shughuli nyingine. Jambo pekee lililobaki halali lilikuwa kuendelea kuzunguka.

Tukazunguka. Soksi, Mrefu na shemeji walinifuata, mikono yao yote ya kulia imenyooka, kama walivyoagizwa. Nadhani ilipendeza. Watu walitoka posta wakajipanga ukingoni. Kila nilipompita Bi Mkubwa alikuwa anapiga kelele, ila kwa mwendo niliokuwa nao nilidaka neno moja moja. Raundi moja nilisikia "shusha". Iliyofuata nikasikia "mkono". Iliyofuata nikasikia "Mungu wangu". Maana yake nimeiunganisha baadaye.

Ndipo likaingia lori la mchanga. Dereva aliona baiskeli nne zote zinaonyesha kulia, akadhani tunamwingilia, akafunga breki kwa nguvu. Gari la nyuma likapiga honi. Mrefu akashtuka, akayumba, gurudumu lake la mbele likaelekea kwenye tairi la lori ambalo lilikuwa refu kupita kifua chake. Nilimwona ndani ya kioo changu cha kunyolea. Mrefu ana mtoto mchanga nyumbani. Uso wake sitaki kuuandika.

Shemeji akaacha kufuata. Ni kinyume cha agizo, lakini aliacha. Akapita kati ya Mrefu na lori, akamsukuma kwa bega taratibu mpaka kwenye nyasi, kisha akapiga pedeli akanifikia, akaja sambamba nami, akaishika keria yangu kwa mkono mmoja. Akasema kwa upole, kama mtu anayeazima kitana, "Shem. Acha kupiga pedeli."

Sikuwa nimeliwazia hilo.

Baiskeli ikapoa yenyewe, ikaegemea nyasi. Trafiki akatukimbilia akipuliza filimbi. Ilikuwa yangu. Naijua sauti yake.

Mrefu alikuwa amekaa chini, Soksi amemshika bega. Nimemwonyesha Bi Mkubwa shati langu. Halikuwa na doa. Halikuwa na kunjo hata moja. Nimemwomba jambo hilo lizingatiwe. Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, mwavuli umelala pembeni yake, anaomba maji ya kunywa.

Cheo amepewa shemeji, pale pale, kabla hata mkono wangu haujateremshwa. Haraka ya namna hiyo si ya kawaida. Dukani wamenimwagia maji ya moto begani mpaka kwenye kiganja, ndipo koti likalegea.


Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nilitegemea mvua kubwa. Jua limewaka tangu asubuhi. Mama mkwe amefika kabla hatujamaliza chai.

Ameniletea tai. Amesema bosi havai kama watu wengine. Amenivalisha mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, akaniangalia, akamwambia mke wangu, "Unaona? Mimi nilisema toka mwanzo huyu ana kitu." Mke wangu akasema hata yeye ameona ana kitu. Nilimtazama shemeji. Alikuwa kwenye kochi, amekunja shuka lake vizuri kwa ajili ya wageni. Neno lake moja tu na mimi nimekwisha.

Baada ya chakula mama mkwe akatuweka chini akazungumza. Amesema kila siku kijana wake akitoka na baiskeli, yeye huko alipo hasikii hata redio, anasikiliza simu. Kuna siku imelia akaogopa kuipokea. Sasa moyo wake umetulia kwa sababu anayemsimamia ni mtu wa nyumbani, mtu mzima, mwenye kujua sheria. Akanishika goti. "Mwanangu, barabara ina watu wa ajabu sana siku hizi. Mwangalie huyu kama unavyojiangalia mwenyewe."

Nimemwahidi. Kusema kweli sauti yangu ilikwama kidogo. Nadhani ni tai.

Kisha akamgeukia shemeji. Amemwambia aache utoto, amsikilize mkubwa wake, aende anakoelekezwa. Shemeji alikaa sawa, akajibu kwa adabu zote, "Nitamfuata, mama. Hata jana nimemfuata mpaka kizunguzungu kikanishika."

Mke wangu aliinuka ghafla akaenda jikoni. Tulisikia sufuria likianguka, halafu kitu kama kilio. Mama mkwe ameuliza kama anaumwa.

Ameondoka jioni akiwa na furaha. Shemeji alimsindikiza mpaka kituoni na hakusema lolote.

Aliporudi, mke wangu amenivuta chumbani. Amesema, "Mdogo wangu amekuokoa jana barabarani, na leo amekuokoa sebuleni. Kumwambia ahsante kutakuvunja nini?" Nimemwambia nitalifikiria. Nimelifikiria. Shemeji alikaa kimya kwa sababu ananiogopa, hiyo ni wazi, mtu hukaa kimya mbele ya tai. Na kuhusu jana, aliishika keria yangu bila kutoa ishara yoyote. Nimekitafuta kitendo hicho kwenye kijitabu. Hakimo.


Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Heri nimeendelea kuandika shajara hii, kwa sababu leo kumbukumbu lazima iwekwe.

Bi Mkubwa ameniita kwenye chumba cha msimamizi. Shemeji alikuwemo, amesimama, bado hajazoea kiti. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa mzuri. Nilidhani nafukuzwa. Hata kalamu zangu nilikuwa nimezikusanya.

Kumbe! Bi Mkubwa amesema ameshinda jana nzima akiwaza. Amesema vijana wanaweza kusomewa sheria mwaka mzima zikatokea sikio la pili, lakini tangu Jumamosi wamebadilika. Mrefu leo amefunga mashuka yake kwa mpira bila kuambiwa, na anaacha nafasi kubwa nyuma ya kila gari. Soksi, ambaye alikuwa akiicheka kofia ngumu, ameingia kazini ameivaa. Bi Mkubwa amesema hakuna mtu mwingine katika mji huu ambaye angewafundisha yote hayo kwa asubuhi moja.

Nimemwambia nafurahi ameliona.

Kwa hiyo nimepewa jukumu. Kila Jumatatu, kabla ya kazi, nitaendesha baiskeli katika ua wa nyuma, lango likiwa limefungwa na gari la duka limetolewa nje. Wapeleka nguo watasimama ukutani na kunitazama tangu ninapopanda hadi ninaposhuka, au vyovyote itakavyokuwa. Shemeji atamwuliza kila mmoja aseme alichokiona. Kisha watatoka kwenda barabarani na kufanya kinyume chake. Nimemwuliza Bi Mkubwa kama nimesikia sawasawa hilo la kinyume. Amesema nimesikia sawasawa kabisa. Nadhani ni njia ya kisasa ya kufundisha. Mwanafunzi akinakili tu, atapata akili zake mwenyewe saa ngapi?

Somo la kwanza nimelitoa leo hii. Sikuwa na koti, lakini nilifanya nilivyoweza. Mpiga pasi naye alikuja kutazama, na mteja mmoja aliyefuata suruali yake akaisahau. Kulikuwa na maswali mengi. Mrefu aliomba nirudie ile sehemu ya mwisho, ya kwenye beseni la maji, kwa kuwa hakuiona vizuri. Nikairudia. Mwalimu hachoki. Shemeji amenikausha kwa taulo mwenyewe na kunifunga plasta kwenye kidevu, heshima ambayo sijawahi kuipata kutoka kwake.

Jioni nimemsimulia mke wangu yote, tangu mwanzo hadi plasta. Amenisikiliza kwa makini, mkono umefunika mdomo. Nilipomaliza ameniuliza kama mambo ya wiki hii, kwa ujumla wake, yamenifunza chochote.

Nimemweleza kwa upole kwamba kujifunza ni kazi ya wanafunzi.